Je, Wajua? Kinacholipwa ni Mwali, Si Samadi

Je, wajua kwamba mtambo wa bayogesi unaweza kujengwa vizuri, ukajaa samadi, ukatoa gesi usiku na mchana, na bado usiingize hata senti ya fedha za kaboni mwaka mzima? Mnunuzi wa kaboni aliyeko Ulaya hanunui samadi, wala hanunui shimo na kuba lake. Ananunua kuni ambazo hazikuchomwa na methani ambayo haikupanda angani. Gesi ikiwepo lakini mama bado anapikia mafiga kwa sababu jiko limeziba, nyumba hiyo katika hesabu za kaboni ni sifuri. Naanza na hili kwa sababu redioni biashara ya kaboni husimuliwa kwa mabilioni, na mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa maziwa huishia kuamini kwamba zizi lake limekuwa benki. Fedha huanza pale kiberiti kinapowashwa, na kutoka hapo hadi zimfikie yeye pana safari ndefu.

Hati moja ya kaboni ni tani moja: tani moja ya hewa ya ukaa, au kiasi cha gesi nyingine chenye madhara sawa na tani hiyo. Kila hati hupewa namba yake kwenye sajili, kama ile ya Gold Standard, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa juhudi za WWF na mashirika mengine, au ile ya Verra. Kampuni ikiinunua na kutaka kutangaza kwamba imefidia moshi wake, hati hiyo hufutwa sajilini ili asije mwingine akaitumia tena.

Nyumba inayopikia bayogesi badala ya kuni huleta tani chache tu kwa mwaka. Miradi mingi huhesabu kati ya 2 na 6. Tuchukue 4, na tuseme hati imeuzwa dola 8. Hizo ni dola 32 kwa mwaka, kabla ya kutoa gharama yoyote. Na gharama zipo: lazima mradi uandikiwe nyaraka, usajiliwe, uchunguzwe na mkaguzi huru anayetambuliwa na sajili, kisha ukaguliwe tena na tena kila unapotaka kutoa hati. Ukaguzi wa namna hiyo hufikia makumi ya maelfu ya dola. Mfugaji mmoja hawezi, na hata ushirika wa kijiji kimoja hauwezi. Ndiyo maana mitambo hukusanywa pamoja, maelfu kwa maelfu, chini ya mwendesha mradi mmoja. Nyumba 10,000 kwa hesabu ileile ni dola 320,000, na hapo ndipo mkaguzi anaweza kulipwa na kitu kikabaki.

Je, wajua ni nani aliyeonyesha njia? Nepal. Mpango wake wa taifa wa bayogesi ulianza mwaka 1992, ukiwapa ruzuku wafugaji wadogo wajenge mitambo ya kuba chini ya ardhi. Itifaki ya Kyoto ilipoanza kutumika Februari 2005, Nepal ilikuwa tayari ina mitambo, mafundi na kumbukumbu za kila nyumba. Desemba mwaka huohuo miradi yake miwili ya bayogesi ilisajiliwa chini ya mfumo wa Kyoto ujulikanao kama CDM, ikawa ya kwanza nchini humo, na mfuko wa kaboni wa Benki ya Dunia ukawa mnunuzi. Fedha hazikugawiwa mkononi nyumba kwa nyumba. Zilirudi kwenye mpango wenyewe, zikasaidia kujenga mitambo mingine, na leo nchi hiyo imevuka mitambo 300,000. Nadhani funzo kubwa la Nepal ni zile kumbukumbu. Walijua kila mtambo uko wapi, nani aliujenga, na kama bado unafanya kazi.

Afrika Mashariki ilifuata mwaka 2009, kwa mpango uliofadhiliwa na serikali ya Uholanzi na kusimamiwa na mashirika ya Hivos na SNV, katika nchi zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia, pamoja na Burkina Faso ya Afrika Magharibi. Mpango wa Kenya ulifika hadi kuuza hati za kaboni zenye muhuri wa Gold Standard. Lakini ujuzi wenyewe ulikuwepo zamani. Kenya ilipata mtambo wake wa kwanza mwaka 1957, kwenye shamba la kahawa. Arusha nako, miaka ya 1980, mafundi wa kituo cha CAMARTEC wakishirikiana na Wajerumani walitengeneza muundo wa kuba ambao mpaka leo mafundi wanautaja kwa jina la kituo hicho, ndani na nje ya Tanzania.

Sasa tuingie kwenye kemia, maana hapa ndipo watu wengi hushangaa. Je, wajua kwamba katika biashara hii unalipwa kwa kuchoma? Bayogesi ni mchanganyiko. Asilimia 50 hadi 70 ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ya ukaa. Methani ikiachwa ipande angani hivihivi, kila kilo yake huongeza joto la dunia kwa miaka 100 mara 28 zaidi ya kilo ya hewa ya ukaa. Ukiiwasha, kila kilo hugeuka kilo 2.75 za hewa ya ukaa, na hiyo nayo haihesabiwi kuwa deni, kwa sababu kaboni yake ilitoka kwenye majani ambayo ng'ombe alikula, na majani yaliichukua hewani. Kwa hiyo hata anayechoma methani bila kupikia chochote anaweza kupata hati. Mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa chini ya CDM, mwaka 2007, ulikuwa wa namna hiyo: gesi ya dampo la Mtoni, Dar es Salaam, ilinuiwa kuvutwa kwa mabomba kutoka chini ya taka, kuchomwa, na baadaye kuzalisha umeme.

Hiyo 28 nayo ina historia yake. Katika miaka ya mwanzo ya Kyoto methani ilihesabiwa mara 21. Kuanzia mwaka 2013 ikawa 25. Chini ya Mkataba wa Paris ikatumika 28. Zizini hakuna kilichobadilika, ng'ombe ni yuleyule na samadi ni ileile, lakini thamani ya methani yake kwenye karatasi imepanda kwa theluthi nzima kwa sababu wanasayansi wameielewa vizuri zaidi.

Upande wa pili wa hesabu hiyo unatisha, na sijui kwa nini hausemwi mara nyingi mbele ya wafugaji. Chukua mtambo wa kawaida wa nyumbani unaolishwa kilo 30 za samadi mbichi kila siku pamoja na maji kiasi hichohicho. Utatoa takriban mita moja ya ujazo ya gesi, inayotosha kupika kama saa mbili na nusu hadi tatu kwenye jiko moja. Ndani ya gesi hiyo kuna methani kama kilo 0.4. Kwa mwaka ni karibu kilo 146. Zote zikivuja, kuba likipata ufa au valvu ikalegea, zidisha kwa 28: ni tani 4 na ushee. Yaani mtambo usiotunzwa ukiwa bado unalishwa unaweza kufuta faida yote ambayo mtambo mzima wa jirani umeleta. Kanuni za kukokotoa hati hulijua hili, na hukata sehemu kwa ajili ya gesi inayokisiwa kuvuja.

Fundi mzuri hakisii. Huchukua sabuni ya unga, huikoroga kwenye kikopo cha maji mpaka povu lisimame, kisha huipaka kwa kitambaa kwenye kila kiungo cha bomba, kuanzia juu ya kuba hadi nyuma ya jiko, huku valvu kuu ikiwa wazi na jiko limefungwa. Panapovuja, povu hufura. Kisha hutazama bomba la plastiki lenye umbo la U, limejazwa maji ya rangi na kufungwa ukutani jikoni: maji ya pande mbili yakianza kulingana bila mtu kuwasha jiko, gesi inatoroka mahali. Mwisho hufungua mtego wa maji, sehemu ya chini kabisa ya bomba ambako unyevu hujikusanya, maana mwali unaorukaruka mara nyingi chanzo chake ni maji yaliyoziba njia na hakuna kilichoharibika. Kazi yote hiyo haifiki saa moja, na ndiyo inayolinda tani.

Je, wajua kwamba ng'ombe wa California na ng'ombe wa Meru hawapati hati kwa sababu moja? Kwenye mashamba makubwa ya maziwa ya California samadi husukumwa kwa maji hadi kwenye mabwawa ya wazi. Chini ya maji hayo hakuna oksijeni, kwa hiyo methani hutoka kwa wingi mno. Mfugaji akilifunika bwawa na kuivuta gesi, akaisafisha na kuiuza iwe mafuta ya magari, anahesabiwa kwamba amezuia methani yote ile. Katika kanuni ya jimbo hilo ya mafuta yenye kaboni ndogo, gesi ya samadi hupewa alama iliyo chini ya sifuri, kana kwamba kila lori linaloitumia linapunguza joto badala ya kuliongeza. Huko mapato ya hati yanaweza kuzidi bei ya gesi yenyewe.

Meru, Kiambu au Rungwe mambo ni mengine. Samadi ya zizi hukaa kwenye lundo, hewa hupita ndani yake, hukauka, na methani inayotoka ni kidogo. Tani za mfugaji wa huku hutoka hasa kwenye kuni na mkaa alioacha kutumia. Ndiyo maana nasema tena kwamba mwali ndio unaolipwa. Mtu anayejiuliza kwa nini shamba moja la Marekani linapata fedha nyingi wakati kijiji kizima cha Rungwe kingepata kidogo, jibu mojawapo ni hili: aliyekuwa akichafua sana ana kingi cha kupunguza. Mimi naliona hili si haki, hata kama hesabu yake ni sahihi.

Basi kuni hizo ambazo hazikuchomwa hupimwaje? Hupimwa jikoni, kwa mizani ya kuning'iniza. Mpimaji huja asubuhi, hufunga rundo la kuni za nyumba kwa kamba, hulipima na kuandika. Humwomba mama atumie kutoka rundo hilo tu. Kesho yake hurudi, hupima kilichobaki, huuliza wamekula watu wangapi na wamepika nini, na huendelea hivyo kwa siku kadhaa. Hufanya hivyo kwenye nyumba zenye bayogesi na zisizo nayo, na tofauti ndiyo inayoingia kwenye hesabu. Nyumba chache hupimwa kwa niaba ya maelfu, kwa hiyo maharage yaliyochemshwa kwa kuni kwa saa tatu siku ya kipimo yanaweza kupunguza hati za wafugaji ambao hata hawakujua kwamba kuna kipimo.

Baada ya kilo kuna swali gumu zaidi: je, kuni hizo zilikuwa zikimaliza msitu? Ukichoma matawi yaliyopogolewa kwenye mibuni, mwakani yatachipua na kurudisha kaboni ileile, hivyo kuyaacha hakuleti hati. Kinacholipwa ni sehemu tu ya kuni ambayo haioti tena. Kwa Tanzania na Kenya, makadirio ya zamani yaliyokubaliwa kimataifa yaliiweka sehemu hiyo juu ya asilimia 90. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria wastani wa nchi za kitropiki kuwa asilimia 27 hadi 34 tu. Mwezi Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchambuzi wa miradi ya majiko iliyouza hati, wakakuta kwamba katika sampuli yao hati zilikuwa zimetolewa zaidi ya mara 9 ya zilizostahili. Miradi iliyokuwa ikipima mafuta yanayotumika moja kwa moja ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ukweli. Oktoba mwaka huohuo waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki waliokuwa viongozi wa kampuni moja ya majiko, wakidai kwamba takwimu za mahojiano zilichezewa ili hati ziongezeke.

Habari hizi zinamuumiza mfugaji wa kweli. Mnunuzi akiogopa, bei hushuka kwa wote, na mama ambaye kweli ameacha kubeba mizigo ya kuni hulipia udanganyifu wa mtu aliyekaa ofisini. Bei imewahi kuanguka hata bila kashfa. Hati za CDM zilizouzwa zaidi ya euro 20 mwaka 2008 zilikuwa chini ya euro 1 kufikia mwanzoni mwa 2013, viwanda vya Ulaya vilipodorora na hati zikajaa sokoni. Mradi uliojengwa kwa kutegemea fedha hizo peke yake uliyumba vibaya. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu yeyote akopeshwe mtambo kwa ahadi kwamba kaboni italipa mkopo.

Je, wajua kwamba kuna mitambo ya bayogesi isiyohitaji ng'ombe hata mmoja? Hale, mkoani Tanga, takataka za mkonge ziligeuzwa umeme kwa mtambo wa kilowati 150. Nyuzi ni asilimia chache tu za uzito wa jani la mkonge. Kinachobaki chote kilikuwa kikimwagwa na kuoza. Rwanda walitumia vyoo vya magereza: taasisi ya KIST ya Kigali ilijenga mitambo mikubwa chini ya ardhi iliyopunguza takriban nusu ya kuni za kuwapikia wafungwa, ikapata tuzo ya Ashden mwaka 2005. Naivasha nako, mabaki ya mboga na maua huzalisha umeme wa zaidi ya megawati 2.

Sheria nazo zimeanza kufika. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na miradi hupitia Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023. Kwa miradi iliyo kwenye ardhi ya umma au ya jamii, wenyeji sasa wanastahili angalau asilimia 40 ya mapato ikiwa mradi unategemea ardhi, na 25 ikiwa hauitegemei. Mtambo ulio nyuma ya nyumba yako, kwenye kiwanja chako, haumo katika kinga hiyo. Hapo kinachokulinda ni mkataba uliosaini. Na chini ya kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, nchi ikiidhinisha tani iuzwe kwa nchi nyingine haiwezi kuihesabu tena kuwa mafanikio yake, kwa hiyo serikali nazo zimekuwa waangalifu kutia saini.

Turudi kwenye mkataba wa mfugaji na mwendesha mradi, maana wengi hupewa wasaini siku fundi anapomaliza kazi, furaha ikiwa imejaa uani. Karibu kila mradi una karatasi inayosema kwamba haki ya kaboni ya mtambo huu ni ya mwendesha mradi. Si wizi. Mara nyingi ndiyo malipo ya punguzo la bei ulilopata: fedha za kaboni zilizotarajiwa kwa miaka ijayo zimetangulizwa, na ndizo zilizokufanya ununue mtambo kwa bei nafuu. Tatizo ni pale mfugaji asipoambiwa, akaendelea kungoja malipo ya simu ambayo hayakuwahi kuahidiwa, au akauza kaboni ileile mara ya pili kwa kampuni nyingine bila kujua kwamba hairuhusiwi.

Vipimo vinaboreka. Tangu mwaka 2021 Gold Standard ina utaratibu wa kuhesabu hati kwa nishati iliyopimwa kwa mita, nyumba kwa nyumba. Mita ndogo kwenye bomba la gesi haihitaji kumuuliza mama alipika nini jana, na ingewezesha kila jiko lilipwe kwa mwali wake lenyewe. Ningependa kuiona kwenye kila mtambo unaouza hati Afrika Mashariki, ingawa bei yake bado ni mzigo kwa mitambo midogo.

Lakini kama ningelazimika kuchagua pa kuzipeleka fedha za kaboni kwanza, nisingeanza na mita wala na ruzuku. Ningezipeleka kwenye matengenezo. Mitambo mingi inayolala haikuharibika kwa jambo kubwa: ni bomba lililopasuka, jiko lililoshikwa na kutu kwa sababu ya gesi yenye harufu ya yai bovu, au maji yaliyokosekana kiangazi. Sehemu ya kubadilisha inaweza kuwa nafuu kuliko hati moja, na nyumba inarudi kwenye hesabu ndani ya siku moja. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza punguzo lako la bei ni shilingi ngapi, haki ya kaboni unaitoa kwa miaka mingapi, na nini kitatokea ng'ombe wakifa au ukiuza shamba. Kisha hakikisha kwamba jina la fundi atakayekuja valvu ikivuja, namba yake ya simu, na siku ambazo anatakiwa awe amefika, vimeandikwa kwenye karatasi ileile inayohamisha kaboni yako.